Saa Sita za Nani?

Msomaji mwenzangu, kama na wewe ni mtu wa kuandika hadithi usiku kwenye madaftari ya shule, basi bila shaka umewahi kumpandisha mhusika wako ndege. Sisi vijana tunapenda sana ndege. Msichana akikataliwa mchumba na wazazi, anapanda ndege. Kijana akifilisika, anapanda ndege. Tunaandika sentensi moja tu, "Baada ya saa chache ndege ilitua," na kazi imekwisha. Tumeshamvusha mtu bahari na bara zima bila hata ya kumpa gilasi ya maji.

Mimi nami niliandika hivyo hivyo. Mwaka 2018 nilikuwa nimefika sura ya saba ya riwaya yangu, ambayo mpaka leo haijapata jina wala mchapishaji. Shujaa wangu ni mtoto wa Majengo, Mombasa, kama mimi. Ameishi New York miaka sita, anapata habari kwamba nyumba ya mamake inauzwa, anakata tiketi arudi. Nikaandika: "Alipanda ndege New York asubuhi, na jioni ile ile akawa amesimama kwenye kivuko cha Likoni." Nikaisoma kwa sauti, nikaiona tamu. Nikampa rafiki yangu mmoja anayeshughulika na mizigo ya forodha, mtu wa kusomasoma. Alipofika hapo akacheka mpaka akakohoa.

"Bwana wee, huyu alipanda ndege au alipanda jini?"

Jambo hilo liliniuma kuliko ilivyopasa. Lazima nieleze kwa nini. Baba yangu alikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini Kilindini, miaka thelathini na moja. Kazi yake ilikuwa kusimama na kalamu meli ikipakuliwa, akipiga alama kwa kila furushi. Mtu wa namna hiyo hawezi kuvumilia hesabu mbovu nyumbani kwake. Ukimwambia "watu wengi walikuja," atakuuliza wangapi. Ukisema "nitarudi sasa hivi," atatazama saa. Nilipomaliza fomu foo nikakosa alama za kuendelea, hakunigombeza. Alichukua ile karatasi ya matokeo, akajumlisha alama zote upya kwa kalamu yake, akihakikisha kwamba wakubwa hawakukosea. Hawakukosea. Akanirudishia.

Sasa mtoto wa mtu huyo kuandika kwamba New York na Mombasa ni asubuhi na jioni ilikuwa aibu. Nikaamua kutafuta ukweli.

Nilianza na atlasi na rula. Nikapiga mstari kutoka Nairobi mpaka New York, ukapita juu ya Nigeria, ukaingia baharini huko Mauritania. Nikaridhika. Lakini siku moja, pale Kongowea kwenye mitumba, nikaona tufe la dunia, limebonyea upande wa Australia, la zamani kiasi kwamba Muungano wa Kisovieti bado umo. Muuzaji alitaka shilingi mia tatu, nikampa mia na hamsini. Nikaja nalo nyumbani, nikaomba uzi wa cherehani kwa mama, nikaushika kidole kimoja Nairobi na kingine New York, nikauvuta ukakaza.

Uzi haukupita Nigeria. Ulipanda kaskazini, ukakata Uganda na Sudan Kusini, ukapita Chad, ukavuka jangwa la Sahara na Algeria, ukatokea Morocco ndipo ukaingia Atlantiki. Nilirudia mara tatu. Kumbe njia iliyonyooka kwenye karatasi si njia fupi duniani, kwa sababu dunia si karatasi. Jambo hili tulifundishwa darasani na nililijibu kwenye mtihani, lakini kulijibu na kuliona likikaza kwenye vidole ni mambo mawili. Nikapima uzi kwa rula: sentimita 28 kasoro kidogo. Nikapima kiuno cha tufe: sentimita 94. Dunia kiunoni ina kilomita 40,000. Ukipiga hesabu unapata kilomita 11,800 hivi, na baadaye nilipouliza watu wa safari nikakuta sikuwa mbali na ukweli hata kidogo.

Basi nikalewa. Nikajua kwamba ndege kubwa hukata kama kilomita 900 kwa saa, kwa hiyo umbali ule ungetaka saa 13, ukiongeza kupanda na kushuka. Nikajua kwamba kwenda na kurudi si sawa. Huko juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kuelekea mashariki. Anayetoka Marekani unamsukuma mgongoni, anayekwenda Marekani unampiga usoni. Ni mambo ya kusi na kaskazi tu, yale yale ya majahazi ya babu zetu, ila sasa yako mita elfu kumi juu. Kwa hiyo kwenda ni karibu saa 15, kurudi ni saa 14 na kitu. Nikajua hata kwamba uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, na kwamba ndege iliyojaa mafuta ya safari ndefu hunyanyuka kwa urahisi zaidi wakati wa baridi ya usiku kuliko kwenye jua.

Na bahati ilivyo, mwaka ule ule, tarehe 28 Oktoba 2018, Kenya Airways ikaanzisha safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, bila kutua popote. Nyumbani ikawa habari kubwa, manake kaka yangu yuko huko. Aliondoka mwaka 2012, aliposhinda ile bahati nasibu ya viza, na alipokwenda alipitia Dubai. Yaani alikwenda kwanza mashariki saa tano, ndipo akageuzwa magharibi saa nyingine kumi na nne, ukiacha ule usiku aliolala kwenye viti akisubiri. Mama hakuacha kulisema hilo: "Wamempeleka mwanangu nyuma ndipo wakampeleka mbele." Sasa kukawa na njia iliyonyooka kama uzi wangu.

Nikawa ndiye mtaalamu wa nyumba. Wageni wakija, baba ananiita barazani: "Leta dunia yako." Naleta tufe na uzi, naeleza. Baba anasikiliza kana kwamba ni mara ya kwanza, na mwisho anauliza swali lile lile: "Kilomita ngapi?" Nasema elfu kumi na moja na mia nane. Anatikisa kichwa, anamwangalia mgeni. Miaka minne baada ya matokeo yangu ya fomu foo, ndiyo mara ya kwanza kumwona akiniangalia namna ile.

Baba alifariki mwezi Januari 2019, saa kumi na nusu alfajiri, kitandani mwake. Aliumwa siku tano. Sitasema mengi hapo.

Tulimpigia kaka kabla ya adhana. Kwake ilikuwa saa mbili na nusu usiku, usiku wa jana. Simu aliipokea kwa furaha, akidhani ni salamu. Baada ya saa nzima hivi akanipigia yeye. Sauti ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia na anataka kumaliza maneno kabla hajaanza tena. Akasema, "Nimepata nafasi. Naondoka kesho saa sita na dakika ishirini na tano mchana. Ile ya moja kwa moja. Mtaningoja?" Nikamwambia nitamuuliza ami.

Kwetu, msomaji, maiti haicheleweshwi. Mtu akifa alfajiri, ikifika alasiri ameshazikwa, na watu wamesharudi kukalia majamvi. Ami yangu mkubwa, kaka wa baba, alikuwa ameshatuma vijana makaburini. Nilimkuta sebuleni na wazee wanne. Nikamweleza. Akavuta pumzi, akaniambia:

"Hebu tupigie hisabu. Wewe ndiwe unayejua mambo haya. Yuwaja saa ngapi?"

Mmoja wa wazee akadakia, "Si amesema kesho? Kesho ni mbali, tumzike."

Hapo nikapata nafasi ya kuonyesha ujuzi wangu, Mungu anisamehe. Nikawaeleza wazee wale kwamba dunia inazunguka, kwamba kila digrii 15 ni saa moja, kwamba New York iko nyuma yetu na kwao bado ni jana. "Kwa hiyo kesho yake," nikasema, "ndiyo leo yetu." Wazee wakatazamana. Mmoja akasema mashallah.

"Basi saa sita mchana leo," akasema ami, akikunja vidole.

"Saa sita na dakika ishirini na tano," nikasema. "Ongeza saa kumi na nne na nusu. Atatua Nairobi saa tisa usiku kasoro dakika tano. Ataingia ndege ya kwanza ya asubuhi kuja Mombasa, ni mwendo wa saa moja tu. Saa tatu yuko mlangoni."

Soma tena hesabu ile. Mimi nimeisoma mara nyingi. Siku niliigeuza vizuri kabisa, kesho nikaifanya leo, nikajisifu. Lakini saa niliiacha kama nilivyoipokea. Saa sita za kaka zilikuwa saa sita za New York. Kwetu zilikuwa saa mbili na dakika ishirini na tano usiku. Saa nane nzima zilipotea mdomoni mwangu, mbele ya wazee wanne, na hakuna aliyeziona zikianguka.

Ami alifikiri sana. Alisema kumngoja mpaka asubuhi ni kumtesa marehemu, lakini mwana wa kwanza naye ana haki. Akamwangalia mama mlangoni. Mama alisema neno moja tu: "Aje." Ami akakata shauri. Tutazika kesho yake saa nne asubuhi, na isipite hapo hata dakika. Kama mwana angefika alasiri, akasema kwa kinywa chake, asingekubali. Tungezika siku ile ile. Nilisikia maneno hayo kwa masikio yangu.

Nikamwandikia kaka ujumbe: "Tutakungoja." Sikumwandikia saa. Ningeandika tu "saa nne asubuhi," angejua hapo hapo kwamba kuna kosa. Akajibu, "Inshallah."

Kutwa nzima watu waliingia na kutoka. Januari Mombasa ni kaskazi, joto linalala na watu kitandani. Baba aliwekwa chumba cha nyuma, feni mbili, udi mfululizo, na vijana wakaleta barafu kwa mkokoteni kutoka kwa wauza samaki. Mlangoni maji yalikuwa yakitiririka mpaka uani, na kila saa mbili mtu alipita na tambara. Mchana mtoto wa shangazi alitaka kumpigia kaka simu, mama akamkataza: "Muache, yuko angani." Mimi nikatikisa kichwa kuthibitisha. Wakati huo kaka alikuwa bado chumbani kwake, anafunga begi, na huko jua halijachomoza.

Nilirudi kutoka sala ya isha, nikaiona simu ikiwaka kwenye dirisha. Ujumbe wa kaka, ulioingia saa mbili kasoro dakika kumi usiku.

"Ndiyo tunaingia ndegeni. Niombeeni."

Nilidhani ni ujumbe wa mchana uliochelewa, mitandao yetu si unaijua. Nikautazama muda ulioandikwa juu yake. Halafu nikakaa chini palepale, kwenye viatu vya watu. Nilihesabu kwa vidole, mara ya kwanza kutoka New York kuja huku, mara ya pili kutoka huku kwenda New York. Saa mbili na dakika ishirini na tano, ongeza kumi na nne na nusu. Saa tano kasoro dakika tano asubuhi, na hapo ni Nairobi tu. Paspoti, mizigo, ndege ya kuja Mombasa. Alasiri.

Sasa jambo ambalo sijamwambia mtu ila hapa. Usiku ule ulikuwa na nafasi bado. Kaburi lilikuwa limechimbwa, sanda ipo, wanaume walijaa barazani. Ningekwenda kwa ami saa ile ile nikamwambia, "Nimekosea, hatafika mpaka alasiri," tungemzika baba usiku, kwa taa. Watu huzikwa usiku. Angelala kaburini mwake badala ya kulala juu ya barafu ya samaki.

Sikwenda. Nilijiambia mama ndiyo kwanza amepata usingizi. Nilijiambia huenda upepo utaisukuma ndege zaidi, mimi niliyewaeleza watu wazima habari za upepo! Nikaketi nje ya chumba cha nyuma pamoja na wasomaji wa Kurani, nikipokezana nao juzuu, na kila nilipofika mwisho wa ukurasa nilihesabu tena. Hesabu haikubadilika. Nilikuwa nikiogopa ami, ndiyo, lakini nilikuwa nikiogopa zaidi yule aliyelala ndani, ambaye angeniuliza, "Saa ngapi? Sema saa ngapi."

Nilimwambia ami baada ya sala ya alfajiri, nje ya msikiti, wakati anatafuta kandambili zake. Nilisema haraka. Hakunikatiza. Alipokwisha kuvaa akasema, "Rudia hisabu." Nikairudia, polepole, na zile saa nane nikaziweka mahali pake. Akasimama pale na tasbihi mkononi mpaka watu wote wakatupita.

"Ulijua lini?"

Nikamwambia tangu isha.

Ami hakunipiga wala hakunitukana. Alitembea mbele yangu kurudi nyumbani. Kwenye kona akageuka akasema, "Saa nne ni saa nne," kisha akaendelea na njia yake. Watu walikuwa wamekuja kutoka Malindi na Lamu, tangazo limeshatoka redioni, na mwili hauwezi kungoja tena. Saa nne ilipokaribia na watu wakaanza kuulizana mwana yuko wapi, ami alisimama akawaambia: "Ndege imechelewa. Tuendelee." Alinisitiri mbele ya watu mia mbili na hakuniangalia usoni.

Tulimshusha baba saa nne na nusu. Mimi niliingia kaburini na mtoto wa ami, tukampokea. Nafasi ile ilikuwa ya kaka.

Kaka alifika alasiri imeshaswaliwa. Alishuka kwenye teksi na begi moja dogo, koti la baridi mkononi. Alipoona mlango ule, na namna watu walivyokaa, alijua. Mama alimpokea, wakakaa chini hapo hapo. Baadaye jirani mmoja, mzee mwema, akamshika bega akamwambia, "Pole mwanangu. Hizi ndege nazo, kuchelewa ndiyo ada yao."

Kaka akamwangalia kama mtu asiyeelewa lugha. "Haikuchelewa," akasema. "Imetua kwa wakati wake."

Kimya. Ami alikuwa anaangalia jamvi. Nikajua kwamba nikinyamaza tena, nitanyamaza maisha. Nikamshika kaka mkono, nikamtoa uani, karibu na pale ambapo maji ya barafu yalikuwa yamekauka na kuacha alama. Nikamwambia yote: saa sita, saa nane, ujumbe, usiku.

Aliuliza kitu kimoja tu. "Mlimshusha saa ngapi?"

"Saa nne na nusu."

Akatazama juu. "Kuna ramani mbele ya kiti," akasema. "Inaonyesha ndege ilipo. Sikulala, nilikuwa naiangalia njia nzima. Saa nne na nusu nilikuwa nimeshaingia Kenya."

Basi. Siku mbili hakusema na mimi. Siku ya tatu, siku ya khitma, akaniomba chumvi tukiwa tunakula. Nimesoma hadithi nyingi ambazo ndugu hukumbatiana wakati kama huo na machozi yakafua kila kitu. Sisi tulipitishiana chumvi. Kabla hajaondoka alinikuta chumbani, akaliona tufe juu ya kabati, akalizungusha kidogo kwa kidole. Hakuuliza kitu. Lakini nilipomsindikiza uwanja wa ndege, akiwa ameshashika kitasa cha begi, akaniambia: "Nikifika nitapiga. Kwangu itakuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kwenu itakuwa saa nane na nusu mchana." Tangu siku hiyo hajawahi kunitajia saa moja tupu. Kila mara hutaja mbili.

Riwaya yangu bado iko sura ya saba. Ile sentensi ya asubuhi na jioni niliifuta. Sasa sura ile ina kurasa kumi na nne na shujaa wangu bado yuko angani. Ameshakula mara mbili, miguu imevimba, jirani yake amelala begani mwake, dirishani ni giza na chini yake ni Sahara ambayo haoni hata taa moja. Yule rafiki yangu wa forodha ameisoma, anasema imekuwa ndefu mno, msomaji atachoka. Huenda ni kweli. Nimejaribu kumshusha mara kadhaa na kalamu inakataa.

Mama amechukua tabia mpya. Kila jioni baada ya magharibi ananiuliza, "Kwao saa ngapi?" Natoa nane, namwambia. Ananyamaza, anamfikiria mwanawe kwenye hiyo saa. Tarehe 10 Machi mwaka ule ule wa 2019 Wamarekani wakasogeza saa zao mbele, kama wafanyavyo kila mwaka msimu wa baridi ukikaribia kwisha, na tofauti yetu ikawa saba. Jioni ile aliponiuliza nikamjibu, naye akashtuka. Alikuwa ameshaizoea hesabu, na kumbe alikuwa akiipiga mwenyewe kimoyomoyo kabla ya kuniuliza.

"Jana hukusema hivyo."

Nikamweleza kwamba wamesogeza saa, kwa hiyo zamani zilikuwa nane, sasa ni saba.

Akafikiri, uzi wa cherehani mdomoni.

"Yaani wamesogea karibu?"

Nikamwambia ndiyo, kwa saa moja.